UKA: kiwanja cha Ukunda, na feri niliyoisahau

Haya, leo tuache kidogo mambo ya seva. Nataka kuongea juu ya kiwanja cha ndege cha Ukunda, lakini kwanza nikiri kosa langu.

Nilikuwa naandika programu ndogo ya kukadiria muda wa safari hapa Pwani. Unaipa sehemu mbili, inapima umbali kwa latitudo na longitudo, inagawanya kwa mwendo wa gari, basi. Nikaipa Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, pamoja na Ukunda. Ikajibu: kilomita 29, nusu saa na ushei. Nikamwonyesha mjomba wangu wa Msambweni, kifua mbele. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba, na feri umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Miaka minne chuoni nasomea kompyuta, halafu nasahau bahari!

Wageni wengi hudhani kwamba kwa kuwa Mombasa ni kisiwa, basi uwanja wake uko kisiwani. Hauko. Uko Port Reitz, upande wa bara, magharibi. Ukitoka hapo unaingia kisiwani kupitia Makupa bila kupanda chombo chochote, unakikata kisiwa mpaka Likoni, na hapo ndipo maji yanakusimamisha. Lamu ni kinyume: kiwanja kiko kisiwa cha Manda na abiria humalizia safari kwa boti. Lakini Lamu huwezi kukosa ndege kwa sababu ya foleni ya malori.

Kinachonichekesha ni kwamba bahari hii hii iliwahi kuwa ndiyo uwanja wenyewe. Mwaka 1937 Imperial Airways ilipoanza kurusha ndege zake za majini kutoka Southampton mpaka Durban, Mombasa ilikuwa kituo kimojawapo, baada ya Kisumu na kabla ya Dar es Salaam na Lindi. Ndege ilitua juu ya maji kama bata. Wakati huo tayari kulikuwa na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, na jina lake ndilo linalobaki kwenye uwanja wa Wilson ambao hadi leo unarusha ndege za Ukunda. Vita vya Pili vikaja, Waingereza wakaitumia Port Reitz kwa ndege za jeshi lao la majini. Mwaka 1979 ukawa uwanja wa kimataifa, wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3, na ndege za kukodi kutoka Ulaya zikawa zinashusha watalii moja kwa moja.

Watalii hao wengi walikuwa wanakwenda wapi? Diani. Yaani ng'ambo ya feri.

Hapo ndipo Ukunda inapoingia. Kwenye tiketi utaona imeandikwa Diani, lakini kwenye mifumo ni UKA, na kwa marubani ni HKUK. Ile H ni kanda yetu ya Afrika Mashariki, K ni Kenya, na UK mnaweza kukisia (sio Uingereza). Mombasa ni HKMO, Wilson ni HKNW, Zanzibar ni HTZA. Ukiandika programu ukatafuta msimbo wa neno "Diani" utatoka mikono mitupu. Njia yake ya kurukia ni fupi, kwa hiyo wateja wake ni ndege za mapanga kama Cessna Caravan na Dash 8. Unatoka Nairobi au Maasai Mara, unashuka, na baada ya dakika chache za tuktuk uko hotelini. Likoni hujaiona hata kwa mbali.

Mimi nakiona kiwanja hiki kama njia ya mkato iliyowekwa ili kuikwepa sehemu moja ambayo ikikwama, kila kitu kimekwama. Tatizo ni nani anayeweza kuilipia. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, na ndiyo anayopanda mjomba tangu utotoni. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati asubuhi, imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272, wengi wao wakienda kazini. Septemba 29, 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka MV Harambee, mama na mtoto wake wakafa, na wapiga mbizi walichukua karibu wiki mbili kulitoa. Mjomba hupanda ferini akiwa kimya. Nilidhani ni tabia yake tu.

Na hewani nako si salama moja kwa moja. Oktoba 28, 2025 Cessna Caravan iliruka kutoka Diani kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara, ikaanguka kwenye vilima vya Tsimba Golini, hapa hapa Kwale. Wote 11 wakafa: Wahangari 8, Wajerumani 2 na rubani Mkenya.

Njia ya tatu ni Dongo Kundu. Zamani asiyetaka feri alizunguka Mariakani na Kinango, safari ya kuchosha. Sehemu ya kwanza ya barabara hiyo mpya ilifunguliwa 2018, na sasa magari yanapita madaraja ya Mwache na Mteza mpaka Kibundani bila kugusa kisiwa.

Kwa hiyo nimeiandika upya programu. Likoni sasa ina muda wake wa kusubiri unaobadilika kwa saa, na Dongo Kundu imo. Mjomba aliijaribu Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ikamwambia azunguke Dongo Kundu. Akasema hesabu ni sawa, ila yeye atapita Likoni. Kuna mtu anauza viazi karai karibu na stendi, na huyo naye sijamweka.