Majira ya Kuondoka: Kaskazi, Masika na Mshairi wa Bara

Wanafasihi wa Ulaya wamezoea kushikilia kwamba majira ya machipuko ndiyo yanayomwamsha mshairi na kumtia njiani. Geoffrey Chaucer aliwaondoa mahujaji wake kwenda Canterbury mwezi wa Aprili, mvua ilipokwisha kulainisha ardhi. Huko Japani nako, Matsuo Basho alianza safari yake mashuhuri ya miguu katika machipuko ya mwaka 1689. Kwa washairi hao ua na njia ni jambo moja. Je, Kiswahili kina majira kama hayo? Na ikiwa kinayo, ni majira ya nani: ya mtu wa Pwani, au ya mtu wa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika, ambako hakuna bandari wala jahazi?

Suala hili lilizuka kimyakimya katika tafsiri. Katika sura ya pili ya Wimbo Ulio Bora, mpenzi anamwita mwenziwe ainuke watoke nje, kwa kuwa majira ya baridi na mvua yamekwisha na maua yametokea. Katika Biblia ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuunganisha wasomaji wa lahaja ya Mombasa na wa ile ya Unguja, majira hayo ya baridi yaliitwa kaskazi. Kwa hesabu ya miezi neno hilo halina kosa, maana kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya baridi na mvua ya Palestina. Kwa hali ya hewa, hata hivyo, mambo yamepinduka. Kaskazi ya Pwani ni wakati wa joto na ukavu. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Ikipita kaskazi, mvua haijakwisha bali ndiyo kwanza inakuja. Mpenzi yule, kwa masikio ya Mvita, anamwita mwenziwe atembee katika masika!

Wapo wanaoiita machipuko masika, nao hawaponi. Masika huchipusha mimea, hilo ni kweli, lakini Pwani huja pamoja na nguvu za kusi, na mabaharia wa zamani walikuwa wakivipandisha vyombo ufuoni na kungoja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alikuwa mfanyabiashara wa baharini pamoja na ushairi wake. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kufundishwa kwamba mvua na safari havipatani. Majira yaliyofungua njia yalikuwa demani, kusi inapolegea kuanzia Agosti hivi. Kwa maana ya safari, basi, demani ndiyo jamaa wa Aprili ya Chaucer, ingawa maua si sifa yake. Majina kama kaskazi na kusi ni ya pepo na vilevile ya majira, na anayeyatumia bara hutumia dira ya bahari asiyoiona.

Mugutha kuna hesabu nyingine. Wakikuyu hutaja misimu yao ya mvua kwa mazao: mvua ya njahi, ya Machi hadi Mei, na mvua ya mwere, ya Oktoba hadi Desemba. (Mwanaisimu hatashindwa kumtambua uwele katika mwere.) Machipuko huko ni mawili kwa mwaka. Lakini uhuru wa kuyafuata si wa zamani. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikapita katikati ya mashamba ya walowezi ya kahawa na katani. Kibarua aliyeyalima alikuwa amefungwa na kipande, kilichotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hakuweza kuondoka kazini kwa kupenda tu. Mwaka uleule wa 1952 uliotoa Biblia yenye mwito wa kuinuka na kwenda, Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba. Mwezi wa Aprili 1954, wakati wa njahi, operesheni iliyoitwa Anvil iliwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru mitaani Nairobi, na watu zaidi ya ishirini elfu wakatiwa kizuizini. Aprili ya mahujaji haikuwa Aprili ya kila mtu.

Hata neno la mapumziko lina historia ya namna hiyo. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, yaani mwanzo wa juma. Ratiba ya ofisi na kiwanda ndiyo iliyoifanya Jumamosi na Jumapili kuwa mwisho wa juma, hata mfanyakazi wa bara akaupata mwisho wake pale juma la Mswahili linapoanza. Safari ya ghafla ya siku hizo mbili, isiyongoja upepo wala ruhusa ya bwana shamba, ni jambo jipya katika lugha hii, na diwani zilizo nyingi bado hazijalipa nafasi.

Mshairi wa Mugutha hana haja ya kukopa theluji inayoyeyuka. Mkahawa uliokaa na kiu hufungua maua yapata siku kumi baada ya mvua kuunyeshea, shamba zima kwa pamoja, meupe, yenye harufu ya kukaribia asmini ambayo Pwani imeiimba miaka mingi. Hudumu siku chache tu. Mtu aliyesikia Ijumaa jioni kwamba kahawa ya Ruiru imechanua hawezi kupanga safari ya mwezi ujao. Jumatatu atakuta yameanza kugeuka rangi. Na mashamba yenyewe yanakatwa viwanja vya nyumba.