Kifo cha Gagarin: Siri Iliyofungiwa Miaka 43

Warusi huweka maua kwenye ukuta wa Kremlin, yalipo majivu ya mwanaanga Yuri Gagarin, aliyekufa tarehe 27 Machi. Safari yake ya anga za juu ya 1961 inajulikana dunia nzima. Kifo chake cha 1968, akiwa na miaka 34, bado kinagombaniwa.

Mwaka mmoja kabla, mwanaanga mwenzake Vladimir Komarov alikufa katika chombo cha Soyuz 1. Wakubwa wakamzuia Gagarin kwenda tena anga za juu, naye akaomba walau arudi kurusha ndege za kivita. Ili aruhusiwe kuruka peke yake, ilimbidi kwanza apimwe na mwalimu. Mwalimu wake siku hiyo alikuwa Kanali Vladimir Seryogin, shujaa wa Vita Kuu ya Pili. Waliondoka Chkalovsky, karibu na Moscow, saa 4:18 asubuhi kwa ndege ya mafunzo aina ya MiG-15. Gagarin aliripoti kuwa amemaliza zoezi. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka msituni karibu na kijiji cha Novosyolovo, wakafa wote wawili.

Tume iliyochunguza ajali iliandika majuzuu 29, yakafungiwa kabatini. Uvumi ukajaza pengo, hata wa ulevi. Mwaka 2011 tu ndipo hitimisho lilipotolewa: huenda walikata kona ghafla kukwepa puto la hali ya hewa, au wingu.

Alexei Leonov, binadamu wa kwanza kuelea nje ya chombo angani, hakulikubali hilo. Alikuwa mjumbe wa tume, na siku ya ajali alikuwa akisimamia mazoezi ya miavuli jirani na hapo. Alisikia vishindo viwili vikifuatana. Mwaka 2013 alieleza kwamba ndege ya Su-15, iliyoshuka chini kuliko ilivyoruhusiwa, ilipita mawinguni mita 10 hadi 15 tu kutoka kwa Gagarin na Seryogin, na msukosuko wa upepo wake ukaiangusha ndege yao. Jina la rubani wa Su-15 alikubali kutolitaja.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakuu wa Kisovieti walilinda heshima ya jeshi, wakawaachia marehemu mzigo wa lawama. Rubani anayekufa mafunzoni anastahili ripoti iliyo wazi, ili familia yake ijue ukweli na anayemfuata arushe ndege salama. Majuzuu yote 29 yafunguliwe.