Wimbo Uliotoka Kaloleni

Wapendwa, katika kijitabu cha jubilii mlitarajia kusoma habari za tenzi, si za wimbo wa hotelini. Tunajua wapo wazee watakaokunja uso. Tuvumilieni. "Jambo Bwana" (na bwana huyu si Yule tunayemwimbia Jumapili) ni wimbo wa majirani zetu, na yaliyoupata yanaihusu kwaya hii kuliko mnavyodhani.

Ukipanda matatu ya Kaloleni hapa Mariakani, hata saa moja haiishi umefika walikotoka ndugu wa familia ya Harrison: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Hao ndio Them Mushrooms, bendi iliyoanza mwaka 1972 na kupata riziki yake katika hoteli za watalii Mombasa. Wageni wa hotelini hubadilika kila wiki, na wengi hawajui neno hata moja la Kiswahili. Teddy Kalanda akachukua maneno ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza, maamkizi na makaribisho, akayatia sauti nyepesi inayoshikika ukiisikia mara moja. Walimu wa Kiswahili, na sisi tumo, huguna wakiusikia, maana hakuna mtu wa pwani anayeamkia "jambo" tupu. Sokoni Mariakani ukiamkiwa hivyo unajua huyo ameshuka kwenye ndege jana. Lakini mtunzi alijua anamtungia nani.

Sahani ilitoka mwaka 1982. Kufikia 1987 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya 200,000 na bendi ikatunukiwa sahani ya platinamu. Kabla ya hapo wimbo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1983 Boney M., kundi la Ujerumani ambalo kaseti zake zilijaa katika nyumba za wazazi wetu, liliutoa kwa jina la "Jambo - Hakuna Matata". Hapa nyumbani Mombasa Roots waliupiga, Safari Sound Band wakaupiga, na baada yao kila bendi ya hoteli kutoka Diani hadi Malindi. Kila mmoja aliongeza au kupunguza maneno. Leo mtalii anayeuimba Zanzibar au Arusha anadhani ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe, kama nyimbo za kutwanga mahindi. Wimbo umefika kote, jina la mtunzi likabaki Kaloleni.

Na maneno mawili ya "hakuna matata" yakaenda mbali zaidi. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya The Lion King yenye wimbo mwingine kabisa wa jina hilo, wa Elton John na Tim Rice. Mwaka huohuo iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara kwenye mavazi, ikasajiliwa mwaka 2003. Watu wengi walikuja kushtuka mwaka 2018, Mzimbabwe mmoja alipoanzisha ombi la kupinga. Kwa haki tuseme, alama ya biashara haimkatazi mtu kusema wala kuimba. Lakini inauma.

Jirani yetu mwingine, Fadhili William wa Taita, alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba, akaurekodi pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, na Boney M. haohao wakautoa mwaka 1981. Tofauti ni hii: mpaka Fadhili anafariki mwaka 2001, watu walikuwa bado wanabishana nani aliutunga. Adam Salim wa Tanzania alisema ni wake tangu miaka ya 1940. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu mapema, na pasipo karatasi kila mtu ana neno lake. Kalanda hakupata shida hiyo. Alipofariki mwaka 2024, kila gazeti lilijua la kuandika.

Tusisahau kwamba Mushrooms wenyewe waliimba nyimbo za wengine. Walimfuata mzee Fundi Konde, Mgiriama mwenzao aliyekuwa nyota tangu enzi za vita vikuu vya pili, wakarekodi nyimbo zake pamoja naye, mwenyewe akiwapo. Hivyo ndivyo tunavyopenda sisi.

Sasa fungueni daftari la nyimbo za kwaya yetu. Nyimbo nyingi zina nota za solfa, zina tarehe, na mahali pa mtunzi pameandikwa "wa kienyeji". Si kweli. Zile za Kigiriama na Kiduruma tunazopigia kayamba wakati wa sadaka zilitungwa na mama zetu wa sauti ya kwanza, wengine tumeshawazika. Wimbo wetu mmoja tumeusikia kwenye video ya kwaya ya mbali, hatuitaji, ukiwa na jina la mtu tusiyemjua. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo wa Kalanda una ulinzi hadi mwisho wa 2074. Wa mama zetu nao unalindwa, ila tutamwambia nini hakimu ikiwa hata sisi hatukuandika jina?

Kwa hiyo leo, baada ya neno la baraka na kabla ya pilau, daftari litakuwa kwenye meza ya katibu karibu na mlango wa mashariki. Ukijua nani alitunga wimbo upi, mwaka gani, katika msiba au harusi gani, njoo useme. Tumeanza na zile za Kiduruma, kwa sababu wanaozikumbuka wamebaki watatu.