Chukudu na Barabara za Mawe za Goma

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kilichoenea jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1970, enzi ya Zaire. Hakina injini wala pedali. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Akifika mteremkoni, mzigo wenyewe humshusha. Ndivyo viazi, kabichi, kuni na makaa vilivyofika mji wa Goma kutoka Kibumba na vijiji vya barabara ya Rutshuru.

Mwili wake huchongwa kwa mkaratusi au mti mwingine mgumu. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamevishwa vipande vya tairi kuukuu. Breki ni mpira unaokanyagwa mpaka ulisugue gurudumu la nyuma. Chukudu kubwa hupita mita 2 kwa urefu na hubeba kilo mia kadhaa.

Ufundi hasa uko mbele. Mti wa usukani hushuka hadi kwenye uma ulioshika gurudumu. Mti huo ukiegemea nyuma kiasi, gurudumu hugusa ardhi nyuma ya mstari wake, na chombo hujinyoosha chenyewe kikienda. Likiwekwa gurudumu kubwa zaidi ili livuke mawe, mbele hupanda na mti huzidi kulala: chukudu hutulia mteremkoni, ila hukata kona kwa shida. Mlalo ukizidi, mikono ya mwendeshaji huchoka upesi. Vingine huongezewa springi mbele, maana mbao peke yake haipunguzi mshtuko.

Na mishtuko Goma haikosekani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na barabara ya Rutshuru ikakatika. Lava iliyopoa huacha mawe magumu yenye makali, yanayokwangua tumbo la gari lolote lililo chini.

Hapo ndipo wenye pikapu hushawishika kuinua magari yao, na kanuni ile ile ya mlalo huwakuta, safari hii kinyume. Land Cruiser za kubebea mizigo zilizotengenezwa tangu 1999 zina ekseli nzima mbele, springi za koili, na mikono miwili mirefu inayoishikilia ekseli. Springi ndefu zikiwekwa, mikono huinama, ekseli hujizungusha, na mlalo wa usukani hupungua badala ya kuongezeka. Usukani huwa mwepesi, gari likayumba kwenye mwendo. Fimbo inayozuia ekseli isiende kando nayo huivuta upande mmoja. Kwa hiyo springi peke yake haitoshi: mlalo urudishwe kwa bushi maalumu na fimbo irekebishwe urefu, la sivyo dereva atakuwa amekwepa mawe na kupata gari la hatari zaidi.

Kwenye mzunguko mmoja mjini Goma imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu. Heshima hiyo ni halali, lakini fundi seremala, anayeupata mlalo wa usukani kwa jicho na shoka, anastahili sehemu iliyo sawa.