Vifo vya Wanawake Wazee katika Gitega na Muyinga: Historia ya Hesabu Isiyokamilika, 1943–2024

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanyika Burundi mwaka 1987 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 152 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2016–2017 ulionyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 78. Vifo vitokanavyo na uzazi navyo vilikadiriwa kuwa 500 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2010, na 334 katika ule uliofuata. Hata hivyo, chunguzi hizo hazitoi kipimo cha namna hiyo kwa mwanamke wa miaka 70. Wanawake waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49. Aliyevuka umri huo aliorodheshwa kama mkazi wa kaya, lakini dodoso la wanawake halikumhusu.

Makala haya yanachunguza kwa nini imekuwa vigumu kulinganisha viwango vya vifo vya wanawake wazee baina ya vipindi katika Gitega, iliyo katikati ya nchi, na Muyinga, iliyo kaskazini-mashariki kwenye mpaka wa Tanzania. Hoja yake ni kwamba pengo hilo si ajali ya kitakwimu. Limetokana na historia ndefu ya dola kumhesabu mtu kwa kile inachotarajia kutoka kwake.

2.0 Nani Alihesabiwa, na kwa Nini

Chini ya utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi, msingi wa hesabu ya watu ulikuwa kodi ya kichwa. Kodi hiyo ilitozwa wanaume wazima wenye nguvu, na idadi yao ndiyo iliyofuatiliwa kwa karibu. Mwanamke aliingia katika hesabu kwa mgongo wa mume. Mjane mzee asiyelipa kodi hakuwa na uzito katika daftari la mtawala.

Chanzo cha pili ni vitabu vya misheni. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899, na kama ilivyo desturi ya Kanisa lao, parokia ziliandika ubatizo, ndoa na maziko. Vitabu vya aina hiyo vina thamani kubwa kwa mwanahistoria, lakini vinawahusu waumini tu. Katika Muyinga, ambako jamii ya Waislamu wazungumzao Kiswahili imekuwapo kwa muda mrefu, bibi aliyezikwa kwa taratibu za Kiislamu hakuandikwa humo. Kwa hiyo, kulinganisha Gitega na Muyinga kwa vitabu vya parokia peke yake ni kulinganisha sehemu mbili zisizolingana za jamii.

Baada ya uhuru, sensa za 1979, 1990 na 2008 zilihesabu watu wote. Ile ya 2008 ilipata wakazi 8,053,574 nchini, wakiwamo 725,223 wa Gitega na 632,409 wa Muyinga. Lakini sera za afya zilielekeza macho kwingine. Mwezi Mei 2006 serikali ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima na uliokoa maisha. Pamoja na hayo, ulimwacha bibi anayemlea mjukuu katika hali ya ajabu: mtoto anatibiwa bure, naye analipa. Mkoloni alimhesabu anayelipa. Sera ya kisasa imemhesabu anayezaa na anayezaliwa. Mwanamke mzee hayumo katika makundi hayo yote.

3.0 Umri kama Neno

Kiwango cha vifo ni mgawanyo: vifo vya kundi la umri fulani juu ya idadi ya watu wa kundi hilo. Umri ukikosewa, pande zote mbili za mgawanyo huharibika. Tatizo hilo ni la lugha pia. Neno la Kirundi *umukecuru* humtaja mwanamke mzee kwa hadhi yake, si kwa idadi ya miaka. Mwenye wajukuu na nywele nyeupe hustahili jina hilo hata kama hajafikisha miaka 60. Kiswahili nacho husema bibi, bikizee na ajuza bila kutaja mwaka wa kuzaliwa. Uzee ukiwa heshima, umri hutajwa kwa kuongezwa.

Athari yake inaonekana katika mfano wa kubuni. Tuseme wanawake 1,000 wameandikwa kuwa na miaka 70 au zaidi, na kwa mwaka mmoja wamekufa 60. Kiwango ni 60 kwa kila 1,000. Ikiwa 200 kati yao kwa kweli hawajafika 70, na kati ya hao 200 walikufa 6, basi wazee halisi ni 800 na vifo vyao ni 54, yaani 67.5 kwa kila 1,000. Kutia chumvi katika umri kumeshusha kiwango cha vifo bila mtu yeyote kuokolewa. Sensa inayofuata ikipata umri kwa usahihi zaidi, vifo vitaonekana kupanda hata kama hali imebaki ileile.

Wanademografia hujaribu kuziba pengo hilo kwa majedwali ya vifo ya kielelezo, kama yale ya Coale na Demeny ya mwaka 1966. Majedwali hayo yalijengwa zaidi kwa takwimu za nchi za Ulaya. Mahali pasipo na vipimo vya watu wazima, vifo vya watoto hutumiwa kuchagua jedwali, kisha jedwali hukisia vifo vya wazee. Hivyo, vifo vya watoto vinaposhuka, bibi naye huandikiwa maisha marefu zaidi kwenye karatasi.

4.0 Kufuata Kizazi Kimoja

Njia mojawapo ya kupunguza kosa hilo ni kufuata kizazi kimoja kupitia tukio linalokumbukwa na wote. Njaa ya Manori ya 1943–1944 ni tukio la aina hiyo. Msichana aliyezaliwa mwaka 1943 alikuwa na miaka takriban 36 wakati wa sensa ya 1979, 47 mwaka 1990, 65 mwaka 2008 na 81 katika sensa ya 2024.

Maisha ya kizazi hicho yanaonyesha pia kwamba mstari wa vifo haukushuka kwa utulivu. Mauaji ya 1972, yaliyowalenga hasa wanaume Wahutu, waliosoma wakiwa mstari wa mbele, yaliwaacha wanawake wengi wajane wakiwa bado vijana. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliwakuta wakiwa na miaka hamsini. Mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001, mlipuko wa malaria katika nyanda za juu ulileta wagonjwa zaidi ya milioni 2 nchini. Katika maeneo ya aina hiyo, ambako watu wazima wana kinga hafifu dhidi ya malaria, umri mkubwa hauwi ngao.

Vita viliathiri hesabu yenyewe pia. Wakazi wengi wa Muyinga walivuka kwenda Tanzania na baadaye kurejea kupitia Kobero. Katika Gitega, wengi waliishi katika kambi za waliohama makazi yao. Idadi ya wakazi katika sensa mbili haihusu watu walewale. Mipaka nayo imehama: mwaka 1982 mikoa iliongezwa kutoka 8 hadi 15, na mwaka 2025 ikapunguzwa hadi 5. Muyinga sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, na Gitega imepanuliwa. Asiyeangalia ramani atalinganisha majina badala ya mahali.

5.0 Kifo Kisichokuwa na Msimulizi

Njia mbili za kupima vifo vya watu wazima hutegemea walio hai. William Brass alionyesha kwamba swali rahisi, "Je, mama yako mzazi yu hai?", linaweza kutoa makadirio ya vifo vya wanawake. Sensa nyingi nazo huuliza kuhusu vifo vilivyotokea katika kaya katika miezi 12 iliyopita. Njia zote mbili zina kipofu kimoja. Mama aliyepoteza watoto wake wote katika 1972 au 1993 hana wa kujibu swali la Brass. Mjane aliyeishi peke yake anapofariki, kaya yake hufa naye, na karani wa sensa hukuta mlango uliofungwa. Tena, kwa kuwa urithi wa ardhi bado unaongozwa na mila, mjane asiye na mwana ana ulinzi mdogo zaidi wa shamba lake. Huenda basi wanaokosekana katika hesabu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

6.0 Hitimisho

Haitoshi kusema kwamba wanawake wazee wa Burundi wanaishi muda mrefu kuliko zamani. Yapasa kusema tarakimu hiyo imetoka wapi. Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, takwimu za zamani zipangwe upya kwa tarafa na vilima, si kwa mikoa inayobadilika. Pili, umri wa wazee uulizwe kwa kalenda ya matukio katika Kirundi, na katika Kiswahili pale kinapotumika. Tatu, vifo vya waliokuwa wakiishi peke yao viulizwe kwa majirani na viongozi wa vilima. Nne, chunguzi za afya zisisimame kwenye miaka 49. Waliozaliwa wakati wa Manori sasa wamevuka miaka 80, na kila mwaka unaopita bila swali hupunguza idadi ya wanaoweza kulijibu.