Karatasi za Kizuizini

Reli ya zamani iliyo hapa Changamwe inaendelea bara kupitia Mackinnon Road na Manyani. Huko, tangu 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwazuilia maelfu ya watu kambini, wengi bila kesi. Kabla ya uhuru nyaraka nyingi za serikali hiyo zilichomwa. Nyingine zilipelekwa Uingereza kimyakimya na kufichwa Hanslope Park. Uwepo wa nyaraka hizo ulikiriwa 2011, na si kwa hiari: wazee waliowahi kuzuiliwa, akiwamo Jane Muthoni Mara, walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009 kwa mateso ya kambini. Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwamo. Wadai walikuwa 5,228. Mgao wa kila mmoja haukufika pauni 4,000.