Poka ya Eastlands: Anayetangulia kutangaza hujiweka hatarini

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja na Dandora, neno "poka" aghalabu halimaanishi mchezo wa kasino. Ni mchezo wa karata ambao pia huitwa "kadi", na mshindi ni anayemaliza karata za mkononi kabla ya wenzake.

Hata hivyo, michezo hiyo miwili ina funzo moja: mambo yanapokaribia kuisha, anayelazimika kusema kwanza huwapa wapinzani habari bila malipo.

Katika kadi, kila mchezaji hugawiwa karata nne, au tatu kwingineko. Moja hufunuliwa katikati, na kila mmoja kwa zamu huweka inayolingana nayo kwa nambari au kwa aina, yaani shupaza, kopa, uru au pao. Asiyekuwa nayo huokota.

Zipo karata zenye nguvu. Karata ya 2 humwokotesha anayefuata karata mbili, 3 humwokotesha tatu, na jokeri tano. A hukinga adhabu hiyo au hubadilisha aina inayotakiwa. J humruka anayefuata, nayo K hurudisha mchezo ulikotoka. 8 na Q ni "maswali": aliyeiweka sharti atoe jibu papo hapo, la sivyo aokote.

Kumaliza ni kwa karata za kawaida pekee, yaani 4, 5, 6, 7, 9 au 10. Aidha, anayekusudia kumaliza katika zamu ijayo lazima atangaze "niko kadi". Asipotangaza, haruhusiwi kumaliza.

Hapo ndipo hatari ilipo. Wachezaji wakiwa wanne, aliyetangaza husubiri wengine watatu wacheze, na wote wameshajua nia yake. Wa kuogopwa zaidi ni anayecheza mara tu kabla yake, kwa kuwa 2, 3 au jokeri yake humwangukia yeye. Mchezaji huyo pia anaweza kumruka kwa J. K ikigeuza mzunguko, jirani wa upande wa pili ndiye anayeshika fimbo.

Kwa sababu hiyo, wachezaji hodari hawatangazi kwa kuwa tu wamebaki na karata moja. Mwenye 6 ya shupaza peke yake anahitaji shupaza au 6 nyingine mezani. Panaporuhusiwa kuweka nambari zinazofanana kwa pamoja, mwenye 6 ya shupaza na 6 ya kopa ana milango mingi zaidi, ingawa anashika karata mbili. Vivyo hivyo, mwenye Q ya kopa na 9 ya kopa anaweza kuuliza na kujijibu katika zamu moja.

Mbinu nyingine ni kutangaza wakati wa kuweka karata ya nguvu. Wakibaki wachezaji wawili, J humruka mpinzani na kumrejeshea zamu aliyeiweka, hivyo hutangaza na kumaliza kabla mwenzake hajajitetea, mradi karata yake ya mwisho inalingana na J hiyo kwa aina.

Katika poka ya kasino aina ya Texas Hold'em, hali hiyo hujitokeza baada ya karata ya tano kufunuliwa mezani. Anayesema kwanza huweka dau au hupisha. Mwenye karata bora huweka dau akiamini mwenye karata hafifu atalipa. Mwenye karata za wastani hufaidika zaidi kwa kupisha, kwani akiweka dau walio dhaifu hukimbia na kumwachia wenye nguvu.

Tuseme mezani pana Sh200, naye akapisha. Mpinzani akiweka Sh100, atatakiwa kulipa Sh100 ili awanie Sh300. Malipo hayo yana faida iwapo atashinda zaidi ya mara moja kati ya nne. Asipotarajia hivyo, heri aziache karata zake.

Pesa zinapoingia, tahadhari huwa kubwa zaidi. Sheria ya kamari ya Kenya ya mwaka 1966, Sura ya 131, iliharamisha uendeshaji wa kamari bila leseni, na sheria mpya iliyotiwa saini mwaka 2025 imedumisha sharti la leseni na kuwazuia walio chini ya umri wa miaka 18. Wanaocheza kadi barazani kwa kujifurahisha hawapotezi chochote zaidi ya fahari.

Kwa vile kanuni hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, jambo la busara ni kuafikiana kabla ya kugawa: ni karata ngapi kwa kila mtu, jokeri huokotesha ngapi, na aliyesahau kusema "niko kadi" ataadhibiwaje. Ugomvi mwingi huanzia hapo.